Aliyeshindwa Naye Akajulikana

Wiki chache zilizopita shughuli za Chama zilitufikisha Bagara, kata iliyomo ndani ya mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba ambao hawajapata kufika huko, inafaa tuseme kwamba ni safari ya kilomita zipatazo 170 kutoka Arusha, kwa barabara iendayo Dodoma. Kwamba upo mlima uitwao Kwaraa unaoutazama mji, na lipo ziwa lenye viboko. Na kwamba baridi ya asubuhi ya huko humfanya mtu wa pwani ajute kulisahau koti lake nyumbani.

Jioni moja tulikuwa tukimngojea mwenyeji wetu karibu na kituo cha bodaboda. Vijana watano sita walikuwa wameinamia simu moja, wakisukumana mabega na kucheka. Tulidhani ni mpira. Haikuwa mpira. Ndani ya simu alikuwamo mwanamke wa Kirusi, mcheza vitara, ameketi kitini katikati ya ukumbi wa mashindano na hataki kuondoka. Kijana mwenye simu alilijua jina lake, akatutajia bila kusita: Anna Smirnova. Mwenzake akaongeza kwamba ni mzuri wa sura, nao wote wakaafiki.

Tuliwauliza na sisi swali letu. Nani Fabiano Joseph? Wakatazamana. Mmoja akauliza kama ni diwani. Mzee aliyekuwa akishona viatu kando yao ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa: huyo ni mtoto wa hapa hapa Babati, alikwenda Kanada akawa wa kwanza wa dunia katika nusu marathoni. Na mzee alisema kweli. Ilikuwa mwaka 2005, katika mji wa Edmonton.

Hatuwalaumu vijana wale. Mwaka 2005 baadhi yao walikuwa hawajazaliwa, na hakuna mtu aliyewaonyesha picha ya Fabiano akimaliza mbio zake, ilhali picha ya Mrusi imewafikia bila ya wao kuitafuta. Lakini jambo lile lilitukaa moyoni njia nzima ya kurudi, na tunaona si vibaya tukilizungumza hapa, khasa kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni maafisa ambao kazi yao ni kuamua nani asaidiwe na nani angoje.

Kwanza tueleze kisa chenyewe. Tarehe 27 Julai 2023, katika mashindano ya dunia ya mchezo wa vitara yaliyofanyika Milan, Italia, Olga Kharlan wa Ukraine alimshinda Anna Smirnova kwa mapigo 15 dhidi ya 7. Hayo ndiyo matokeo, na lau ingekuwa ni zama za kutegemea redio peke yake, yangesomwa kwa nusu dakika na kusahauliwa kabla ya taarifa ya hali ya hewa. Lakini majeshi ya Urusi yalikuwa yameivamia Ukraine tangu Februari 2022, na vita vilikuwa vikiendelea. Smirnova aliruhusiwa kucheza bila bendera ya nchi yake. Baada ya pigo la mwisho, kanuni za wakati ule ziliwataka wapinzani wapeane mikono. Kharlan akanyoosha ncha ya kitara badala ya mkono, kisha akaenda zake. Smirnova akabaki pale pale. Akaletewa kiti, akaketi, akangoja mkono ambao haukuja, muda mrefu wa kutosha kuisha mechi nzima ya mpira kipindi cha kwanza.

Kharlan alitolewa mashindanoni kwa kosa hilo. Baadaye adhabu ikalegezwa, na mkuu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki wa wakati huo, Thomas Bach, akamhakikishia nafasi katika michezo ya Paris. Mwaka 2024 Kharlan akaenda Paris na kurudi na medali ya shaba yake mwenyewe na ya dhahabu pamoja na wenzake. Huo ndio mwisho wa kisa kwa upande wake, nao ni mwisho mwema. Kwa upande wa Smirnova hakuna mwisho. Bado ameketi kitini. Kila asubuhi mtu fulani mahali fulani huifungua picha ile na kumkuta palepale.

Hatuandiki makala haya ili kuamua nani kati ya wanawake wale wawili alikuwa na haki. Vita vina mabaraza yake, na sisi si mojawapo. Linalotushughulisha ni kwamba mchezaji aliyeshindwa kwa tofauti ya mapigo manane amejulikana hadi Bagara, na sababu ya kujulikana kwake haimo katika mchezo wenyewe hata kidogo. Wakati huo huo yupo Mrusi mwingine, Sofya Velikaya, ambaye alifika fainali ya vitara vya wanawake katika Olimpiki tatu mfululizo, London 2012, Rio 2016 na zile za Tokyo zilizochezwa 2021. Mara zote tatu alishindwa katika pambano la mwisho, na mara zote tatu akarudi mazoezini. Akiwa na wenzake katika mashindano ya timu alipata dhahabu mara mbili. Tuliwatajia vijana wale jina la Velikaya. Hawakupata kulisikia, na sisi wenyewe tulilijua kwa kuwa ni watu wa kusoma kurasa za mwisho za magazeti.

Mchezo wa vitara si mgeni mno kwetu watu wa Visiwani kama unavyodhaniwa. Mwenye kuijua kirumbizi ya pwani, wachezaji wawili na fimbo zao katikati ya duara ya watu, hatapata taabu kuuelewa. Na aliyekwenda Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa ameona wanaume wakipigana kwa mabua ya migomba ili mwaka uanze mioyo ikiwa meupe. Tofauti ni kwamba Wazungu wameufanya mchezo wao uwe wa umeme. Nguo na silaha zimeunganishwa na taa, na taa ndiyo inayosema nani kapigwa. Silaha ni za aina tatu. Moja huhesabu kiwiliwili peke yake, nyingine mwili mzima kuanzia utosi hadi unyayo, na ya tatu, ambayo ndiyo ya Kharlan na Smirnova, huhesabu sehemu ya juu ya kiuno na huruhusu kukata kwa makali pamoja na kuchoma kwa ncha. Wanawake waliruhusiwa kushindana kwa aina ya kwanza katika Olimpiki ya 1924. Aina ya pili iliwabidi wangoje mpaka 1996, na ya tatu mpaka 2004. Miaka 80 kati ya mlango wa kwanza na wa mwisho.

Na wachezaji hufunika nyuso. Huvaa barakoa ya wavu wa chuma, wala hapana ruhusa ya kucheza bila hiyo. Bibi zetu wa Unguja waliijua barakoa ya namna nyingine, wala hawakuona kwamba kufunikwa uso kumewapunguzia utu au akili. Basi ukitafakari utaona ajabu: katika mchezo huu, muda wote mwanamke anapofanya kazi yake, sura yake haionekani, kinachoonekana ni mguu, mkono na uamuzi wake. Mpiga picha hungoja. Barakoa ikishavuliwa, mchezo ukiwa umekwisha, ndipo picha inapopigwa, na picha hiyo ndiyo inayosafiri. Vijana wa Bagara walituhakikishia kwamba Smirnova ni mzuri wa sura. Hakuna kati yao aliyeweza kutuambia kama ni hodari wa kujikinga au wa kushambulia.

Tusije tukadhani kwamba haya yameletwa na simu. Mkoa huo huo wa Manyara una ushahidi wa zamani zaidi. Mbulu ndiko kwao John Stephen Akhwari, mkimbiaji aliyeanguka na kuumia katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaendelea kukimbia na kuchechemea, goti limefungwa bendeji, akaingia uwanjani giza limeshashuka na washindi wameshapewa medali zao. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Filamu ilikuwapo, nayo ikamfanya ajulikane dunia nzima, na jibu alilotoa alipoulizwa kwa nini hakuacha mbio, kwamba nchi yake haikumtuma kuanza bali kumaliza, limefundishwa kwa watoto wa mataifa ambayo hayajui Tanzania iko wapi.

Tunamheshimu Akhwari kwa hilo, na hapana Mtanzania asiyemheshimu. Lakini ni wangapi wanaojua kwamba miaka miwili baadaye, mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikimbia marathoni ile ile akawa wa tano, kwa muda wa saa mbili na dakika kumi na tano hivi? Huyo alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu, aliyepata ajali siku moja. Picha imeichukua ile siku ya ajali na kuifanya ndiyo maisha yake yote. Hatusemi kwamba picha imedanganya, kwani kila kilichomo ndani yake kilitokea. Imechagua tu, na iliyochagua haikutuuliza.

Akhwari alau alipigwa picha. Hali ya wanawake ni ngumu zaidi. Mwaka 1965, katika Michezo ya kwanza ya Afrika nzima iliyofanyika Brazzaville, Theresia Dismas alipata medali ya fedha kwa kurusha mkuki. Nchi yetu ilikuwa na umri wa miaka michache, Muungano ulikuwa na mwaka mmoja na ushei, na mwanamke akarudi na medali katika siku ambazo wanaume wetu walikuwa bado wanajifunza kuzitafuta. Mwulize mwanafunzi yeyote wa skuli, Bara au Visiwani, akutajie jina hilo. Mwaka 1980 timu yetu ilikwenda Moscow, mji mkuu wa hao hao Warusi, na kila mtu mwenye umri wetu anakumbuka medali za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, ambazo mpaka Olimpiki ya Paris zilikuwa ndizo medali zetu pekee za Olimpiki. Katika timu hiyo walikuwamo na wanawake, akina Nzaeli Kyomo na Mwinga Mwanjala. Hawakupata medali. Walikimbia mbele ya maelfu ya watu katika uwanja mkubwa, wakarejea nyumbani.

Tuje kwenye siku zetu. Tarehe 24 Septemba 2023, katika marathoni ya Berlin, Tigst Assefa wa Ethiopia aliivunja rekodi ya dunia ya wanawake kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53. Alipomaliza alivua kiatu chake, akakiinua na kukibusu, na picha ya kiatu ikazunguka dunia. Kampuni iliyokitengeneza haikuhitaji tena kulipia tangazo. Nyuma yake alikuja Sheila Chepkirui wa Kenya, na wa tatu alikuwa Mtanzania, Magdalena Shauri, kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, ambayo ilikuwa rekodi mpya ya taifa letu. Siku hiyo mwanamke wa Kitanzania alikuwa amesimama jukwaani katika moja ya marathoni kubwa kabisa za dunia, na katika simu za ndugu zetu kiatu kilipata watazamaji wengi kuliko yeye. Hatumwonei wivu Assefa, ambaye alistahili kila sifa aliyopewa. Tunasema tu kwamba kiatu hakikuwa cha tatu Berlin.

Ni haki kuongeza kwamba picha ikitumiwa kwa kazi yake ni shahidi mwaminifu. Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu alipochukua ubingwa wa dunia wa marathoni, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Jicho la mwanadamu lilishindwa kuwatenganisha. Kamera ya mstari wa mwisho ikatoa hukumu kwa tofauti ya sekunde mia tatu tu kwa elfu kumi. Kamera ile haikujali sura ya mtu wala machozi yake. Ilitazama kifua kipi kimefika.

Jirani zetu wa Kenya wametupa mfano mwingine, na huu unahusu vitara hasa. Alexandra Ndolo alizaliwa Bayreuth, Ujerumani, baba Mkenya na mama Mpolandi. Mwaka 2022, akiichezea Ujerumani, alipata medali ya fedha ya dunia huko Cairo. Mtu mwenye medali kama hiyo angeweza kukaa kitako Ulaya akangojea wadhamini wamjie. Mwaka ule ule akaamua kuichezea Kenya, nchi ambayo haikuwa na utaratibu wowote wa maana wa mchezo huo, akashiriki kuujenga tangu msingi, na mwaka 2024 akawa mcheza vitara wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki. Paris alitolewa katika pambano lake la kwanza, 13 kwa 12, pigo moja tu. Mwenye kutazama matokeo peke yake atasema amekwenda na kurudi. Lakini katika mtaa wa Huruma, Nairobi, wapo vijana wanaofundishwa vitara katika klabu iitwayo Tsavora, na msichana wa hapo anaposikia neno Olimpiki sasa ana uso wa Mkenya wa kuuweka chini ya barakoa.

Na sisi Visiwani? Mwaka 2007 ilitoka filamu ya Florence Ayisi, mama wa Kikameruni, iitwayo Zanzibar Soccer Queens, juu ya timu ya wanawake ya Women Fighters ya hapa Unguja. Wageni waliitazama katika kumbi za nchi za mbali, wakastaajabu kwamba wapo wasichana wa Kiislamu wanaocheza mpira. Wasichana wale wakawa mashuhuri kwa kule kustaajabiwa. Tunawauliza wasomaji wetu, bila ya kutaka kumwaibisha mtu: ni nani kati yetu anayeweza kumtaja mlinda mlango wa timu ile? Ni uwanja gani walipewa wa kufanyia mazoezi, na saa ngapi?

Tumewahi kukaa katika kikao ambacho hatutakitaja, tukasomewa taarifa juu ya michezo ya wanawake. Ilianza kwa idadi ya watu waliotazama picha za tamasha fulani katika simu zao. Idadi ilikuwa kubwa, na watu wakapiga makofi. Mmoja wetu akauliza wasichana wangapi walikimbia, na kwa muda gani, na nani aliwapima. Karatasi zikafunuliwa mbele na nyuma, hazikuonyesha kitu. Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda.

Hapo tulimkumbuka mwalimu wetu wa chuoni. Walikuwapo miongoni mwetu watoto wenye sauti nzuri, ambao siku ya Maulidi waliwekwa mbele na wageni wakawapenda na kuwatunza. Mwalimu hakukataa, naye alifurahi. Lakini siku ya kumpandisha mtoto darasa hakuuliza wageni wamesemaje. Alimkalisha mbele yake, akafunga msahafu, akasema: soma. Aliyeijua juzuu yake alipanda. Mwenye sauti nzuri asiyeijua alirudia, na mama yake alipokuja kulalamika alipewa kahawa na jibu lile lile.

Basi tunawaomba maafisa wetu, wa Bara na wa Visiwani, walitazame jambo hili kwa jicho la mwalimu yule. Zinapogawanywa fedha na vifaa, isitakiwe idadi ya watazamaji. Litakiwe daftari. Kila skuli yenye wasichana wanaokimbia, wanaorusha au wanaocheza, iwe na kitabu kilichoandikwa jina, tarehe, umbali na muda, na kitabu hicho kikaguliwe kama yanavyokaguliwa mahudhurio. Gharama yake ni daftari moja na kalamu. Afisa atakayesema hana fungu la daftari atuandikie, tutampelekea. Na majina ya akina Theresia Dismas yaingizwe katika masomo ya watoto pamoja na ya Bayi na Nyambui, kwani mtoto wa kike hawezi kumfuata mtu ambaye hakuambiwa kwamba alipita.

Hatutaki simu zifungwe wala vijana wakatazwe kumtazama Mrusi. Wamtazame. Pengine mmoja wao ataondoka pale kituoni akataka kujua vitara vinachezwaje, na hilo nalo ni heri.

Asubuhi ya kuondoka Bagara tulitoka mapema kutafuta chai. Ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya Kwaraa. Barabarani walipita wasichana wanne wakikimbia, wawili wamevaa viatu na wawili pekupeku, na mwalimu wao nyuma juu ya baiskeli. Tulisalimiana, akasimama. Alitutolea daftari kutoka ndani ya koti, limefungwa katika mfuko wa plastiki kwa ajili ya umande. Mlikuwamo majina na dakika za kila Jumamosi kwa mwaka mzima, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika ubaoni. Tulimwuliza anapimaje, maana hatukuona saa shingoni mwake. Akacheka, akatuonyesha simu yake, kioo kimepasuka pembeni, tarakimu za saa zikikimbia. Akatuomba radhi, kwa kuwa yule wa mbele alikuwa amekwisha fika kwenye daraja, akapanda baiskeli yake akawafuata.